Malezi ya Mtoto Mbele ya Masomo

Kila mwaka, mwezi wa tisa unapofika, wazazi wanapanga mstari mbele ya mlango wa direkta wa masomo: kule Sange na Kiliba, mjini Uvira, kule Makobola na Baraka, mpaka Fizi. Kila mmoja anashika kwa mkono mtoto wa miaka sita. Zamu yake ikifika, anasema neno ambalo sisi sote tunalijua: «Direkta, nimekuletea mtoto, sasa mumfundishe.»

Neno hili ni la heshima na la tumaini. Lakini lina kosa ndani yake. Linadhani kwamba kufundishwa kwa mtoto kunaanza siku ile, na kwamba miaka sita iliyopita ilikuwa miaka ya kunyonya, kula, kulala na kuugua tu. Mwalimu wa mwaka wa kwanza anajua kwamba sivyo. Katika juma la kwanza anaona tofauti kubwa kati ya watoto wa umri mmoja. Huyu anasikia agizo na kulitimiza, anauliza maswali, anahesabu mawe mpaka kumi, anasimulia jambo aliloliona njiani. Mwenzake anakaa kimya, anaogopa, na akiulizwa jina lake anatazama chini. Wote wawili wamepewa akili na Mungu yule yule. Ila mmoja amekwisha kufundishwa miaka sita, na mwenzake amengojea miaka sita.

Basi tuulize: mzazi maskini, asiye na diploma wala mshahara, anaweza kufanya nini katika miaka ile ili mtoto wake apate kupita hali ya wazazi wake? Swali hili ni letu, ndugu mapadri, mafrateri na makatekista. Sisi ndio tunaoingia katika nyumba za watu. Tukijibu vibaya, jibu letu linaumiza.

1. Majibu mawili mabaya

Jibu la kwanza ni la kukata tamaa. Tunalisikia kila mara pembeni mwa ziwa: «Mtoto wa mvuvi ni mvuvi. Akili ni ya watoto wa wakubwa.» Mama anayeanika ndagala anasema hivyo bila uchungu, kama mtu anayesema kwamba jua linazama nyuma ya milima ya Itombwe. Amekwisha kuamua kwamba nyumba yake haina kitu cha kumpa mtoto.

Jibu la pili linaonekana zuri zaidi, lakini ni ndugu wa lile la kwanza. Linasema: «Tafuta feza, ulipe minervali, masomo yatafanya kazi yote.» Mtu anayesema hivi anadhani kwamba elimu ni kitu cha kununuliwa kama sukari. Tajiri anainunua mtoto akiwa na miaka mitatu, katika shule ya maternele. Maskini anangoja mpaka miaka sita. Fukara hainunui kabisa.

Tuseme ukweli: feza ni kitu. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, katika kifungu chake cha 43, inasema kwamba masomo ya primeri ni ya lazima na ya bure katika shule za Leta. Tangu mwezi wa tisa wa mwaka 2019 Leta ilianza kutimiza neno hilo, na wazazi wengi walipumua. Lakini msaada ule unaanza kwenye primeri. Sheria ya masomo ya tarehe 11 Februari 2014 inaitambua maternele kama sehemu ya mafundisho ya taifa, yenye miaka mitatu. Lakini kuilipa, hilo limebaki katika mfuko wa mzazi. Kwa hiyo miaka ambamo mtoto anajifunza haraka kuliko yote ndiyo iliyoachwa mikononi mwa nyumba peke yake. Hii ndiyo sababu tunapaswa kujua ni kitu gani kinaweza kutendeka ndani ya nyumba ile.

2. Kinachotendeka katika miaka sita ya kwanza

Mtoto akizaliwa, ubongo wake una uzito wa karibu robo ya ubongo wa mtu mzima. Akifika miaka sita, umekwisha kupata zaidi ya sehemu tisa kwa kumi za uzito wake. Hakuna kiungo kingine cha mwili kinachokimbia hivyo. Katika miaka ile sehemu za ubongo zinaungana moja na nyingine kama njia za kijiji. Njia inayopitwa kila siku inapanuka; njia isiyopitwa inaota majani.

Nani anapita katika njia zile? Ni mtu anayemjibu mtoto. Mtoto anatoa sauti, mama anamrudishia sauti. Mtoto anaonyesha mbuzi kwa kidole, baba anasema: «Ndiyo, ni mbuzi, tazama anakula majani.» Mtoto anacheka, dada yake anacheka naye. Mambo haya yanaonekana kuwa mchezo tu, lakini ndiyo masomo ya kwanza. Mtoto anayejibiwa anajifunza kwamba maneno yana nguvu, na kwamba yeye mwenyewe ni mtu wa kusikilizwa. Atakapofika mbele ya mwalimu, hataogopa kuuliza.

Lakini maneno bila chakula hayatoshi. Katika nchi yetu, zaidi ya watoto wanne kati ya kumi walio chini ya miaka mitano ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka, sababu ya kukosa chakula chenye nguvu na sababu ya magonjwa yanayorudi rudi. Ufupi ule wa mwili mara nyingi unakwenda pamoja na uchovu wa akili. Mjini Uvira tunajua vizuri kipindupindu na magonjwa ya kuhara. Mtoto anayehara kila mwezi hana nguvu ya kukua, wala ya kucheza, wala ya kuuliza. Kwa hiyo sabuni, maji safi, maziwa ya mama na chandarua ni sehemu ya elimu pia. Mwaka 2018 Shirika la Afya la Dunia, UNICEF na Benki ya Dunia walipanga pamoja mambo matano ambayo kila mtoto mdogo anayahitaji: afya, chakula chema, ulinzi, mtu wa kumjibu kwa upendo, na nafasi ya kujifunza. Ukiondoa moja, mengine yanachechemea.

Hapa kuna swali ambalo wazazi wa mji wanaliuliza sana: tuseme na mtoto kwa lugha gani? Baba mwingine anaona aibu kusema Kifuliiru, Kivira, Kibembe au Kirundi na mtoto wake. Anajilazimisha kutumia Kifaransa, naye anakijua maneno thelathini tu. Basi mtoto anapata maneno thelathini: njoo, kaa, nyamaza, kula. Angalisema naye kwa lugha yake mwenyewe, angalimpa maneno elfu, na mithali, na vitendawili, na majina ya samaki na ya majani. Sheria ile ya mwaka 2014 inakubali kwamba lugha za taifa na lugha za mahali zitumiwe katika kufundisha. Mtoto mwenye lugha moja iliyojaa ataipata ya pili bila shida kubwa. Mwenye lugha tupu atahangaika katika zote.

3. Ukumbusho wa mambo ya zamani

Kwa nini watu wa pwani hii wamesahau kwamba mzazi ni mwalimu? Sababu ni nyingi, lakini moja imo ndani ya historia yetu wenyewe, na ni vizuri kuitazama bila woga.

Mapadri Weupe walifika Ujiji mwaka 1879. Mwaka 1880 walianza misioni ya Mulweba katika nchi ya Masanze, ng'ambo yetu ya ziwa, na mwaka 1883 ile ya Kibanga, karibu na Ubwari. Siku zile biashara ya watumwa ilikuwa inaharibu nchi. Mapadri walikomboa watoto waliokuwa wameuzwa, wakawaweka katika nyumba ya yatima, wakawalisha, wakawafundisha sala, kusoma na kulima. Watoto wale walipokomaa walioana, wakapewa mashamba, na hivyo vijiji vya kwanza vya Wakristu vilianzishwa. Ile ilikuwa kazi ya huruma. Watoto wale hawakuwa na baba wala mama wa kuwalea; waliowapenda walikuwa wameuawa au wamepotea mbali.

Lakini, kwa maoni yangu, desturi moja ilibaki nyuma ya kazi ile. Watu waliona kwamba mtoto anaanza kufundishwa siku anapotoka nyumbani na kuingia misioni. Walioachwa nyuma wakajiona si kitu. Hata leo mzazi anapomleta mtoto kwa direkta na kusema «sasa mumfundishe,» anasema kana kwamba mtoto wake hana mzazi.

Baadaye, katika miaka ya mwisho ya ukoloni, kosa lilichukua sura nyingine. Ng'ambo ya ziwa, mjini Usumbura, ambao leo ni Bujumbura, palikuwa na nyumba ya mafundisho ya wanawake iliyoitwa Foyer Social, kati ya mwaka 1946 na 1960. Wake wa makarani na wa wafanyakazi walifundishwa kushona, kupika, kupiga pasi na kutunza mtoto mchanga. Ilikuwa pia wakati wa cheti cha sifa za kiraia, kilichoanzishwa katika Kongo mwaka 1948, na wa amri ya mwaka 1952 juu ya wale walioitwa waliostaarabika. Mtu aliyeomba kuhesabiwa kati yao alitazamwa hata namna alivyoishi nyumbani kwake. Wanawake wengi walipata faida katika mafundisho yale, hasa juu ya usafi na afya. Lakini kupanda ngazi kulianza kupimwa kwa kitambaa cha meza, kwa uma na kisu. Mama asiye na meza alijifunza kwamba hana kitu cha kumrithisha mtoto wake.

Tukumbuke pia mfano wa namna nyingine. Tarehe 18 Agosti 2024, mjini Uvira, Eklezya iliwatangaza kuwa Wenye Heri mashahidi wanne waliouawa tarehe 28 Novemba 1964 kule Baraka na Fizi: Padri Luigi Carrara, Padri Giovanni Didonè na Bruda Vittorio Faccin, Waxaveri wote watatu, pamoja na Abé Albert Joubert. Huyu Abé Albert alizaliwa mwaka 1908 kule Mrumbi, karibu na Moba. Baba yake alikuwa Kapteni Joubert, Mfaransa aliyepigana na wauza watumwa akabaki katika nchi hii mpaka kufa kwake mwaka 1927. Mama yake alikuwa Agnes Atakaye, mwanamke wa pande hizi za ziwa. Albert alipewa upadri mwaka 1935. Katika habari zake mara nyingi tunataja baba, kapteni mwenye sifa. Tumtaje na Agnes pia. Padri yule hakuanza kufundishwa seminarini. Alikuwa na mama, na mama alikuwa na lugha.

4. Ushuhuda wa nchi nyingine

Mtu anaweza kusema: maneno haya ni mazuri, lakini yana uthibitisho gani? Je, kucheza na mtoto kunaweza kumwondoa katika ufukara?

Ushuhuda mmoja mkubwa unatoka Jamaika, kisiwa cha watu ambao wengi wao ni wajukuu wa watumwa waliotolewa Afrika. Katika mji wa Kingston, tangu mwaka 1986, watafiti waliwachagua watoto 129 wenye umri wa miezi 9 mpaka 24. Wote walikuwa wa kartie maskini, wote wafupi kuliko umri wao. Sehemu ya watoto wale walitembelewa nyumbani mara moja kwa juma, saa moja tu, kwa muda wa miaka miwili. Waliowatembelea hawakuwa waganga wala maprofesa. Walikuwa wanawake wa kazi ya afya ya mtaa. Walimwonyesha mama namna ya kucheza na mtoto, kumsemesha, kumsifu, na kumpa vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa mabaki ya nyumbani. Wengine walipewa maziwa ya unga kila juma, na wengine hawakupata kitu.

Miaka ishirini baadaye watoto wale, sasa watu wazima, walitafutwa tena. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014. Wale ambao mama zao walitembelewa walipata mshahara uliopita ule wa wenzao kwa karibu robo moja, wakawafikia wale ambao hawakuwa wafupi tangu mwanzo. Maziwa peke yake hayakuacha alama ya namna hiyo katika mishahara. Tuangalie vizuri: si kwamba chakula hakina faida. Maana yake ni kwamba chakula bila mtu wa kumjibu mtoto hakitoshi kubadili maisha yake. Tena tuangalie nani alifanya kazi ile: mama maskini, akisaidiwa na mwanamke jirani, saa moja kwa juma.

Ushuhuda wa pili uko karibu zaidi, kwenye pwani ya bahari. Katika miaka ya 1980 wazee wa Kiislamu wa Mombasa waliona kwamba watoto wao wanabaki nyuma katika shule za serikali. Waliomba msaada kwa Aga Khan. Mwaka 1986 shule ya kwanza ya watoto wadogo ilifunguliwa, ikishikamana na madrasa, mahali ambapo watu walikuwa wamezoea kuwaleta watoto wao. Mwalimu mmoja, Bi Swafiya Said, alikuwa mwanzilishi wa kazi ile. Wanawake wa mitaa ile ile walifundishwa kuwa walimu. Vifaa havikununuliwa mbali: vifuu vya nazi, visoda, makombe ya bahari, mbegu. Mwaka 1990 kazi ilifika Zanzibar, na mwaka 1993 Uganda. Jirani zetu hawa hawakungoja wawe matajiri. Walitazama nyumba ya sala waliyokuwa nayo, wakauliza: asubuhi, wakati haina watu, inaweza kuwafaa watoto wetu kwa nini?

5. Masomo ya mkeka

Sasa turudi kwetu. Tuseme katekista anapita kando ya ziwa, kule Kalundu au Mboko, asubuhi. Anamkuta mama akichambua ndagala juu ya mkeka, na mtoto wa miaka mitatu anamsumbua.

«Mama, mtoto huyu unamfundisha nini?»

«Ee baba katekista, nimfundishe nini mimi? Sikusoma. Nangoja akue nimpeleke kwa walimu.»

«Hizi ndagala unazichambua namna gani?»

«Kubwa huku, ndogo huku, na zilizovunjika pale.»

«Basi mwambie naye aweke kubwa huku na ndogo huku. Akikosea usimpige, mwonyeshe tena. Kisha mhesabie: moja, mbili, tatu. Kesho atakuhesabia wewe.»

Mama anacheka. Lakini katekista hakufanya mzaha. Kutenga kubwa na ndogo, kuhesabu, kupanga, kungoja zamu: haya ndiyo yanayofundishwa katika maternele ya matajiri kwa mbao za rangi zilizonunuliwa. Mkeka wa ndagala una vyote, na haulipishwi.

Vivyo hivyo kazi nyingine za nyumba. Mama anayetwanga sombe anaweza kuimba na mtoto kwa kufuata mwendo wa mchi. Baba anayetengeneza wavu anaweza kumpa mtoto kamba afunge fundo. Jioni, baada ya bugali, bibi anaweza kusimulia hadithi ya sungura na kumwuliza mjukuu: «Kisha ikawaje?» Swali hilo dogo lina faida kubwa sana, maana linamfanya mtoto ashike mwanzo na mwisho wa jambo, na bila hilo hakuna kusoma.

Wazee wanasema: samaki mkunje angali mbichi. Watu wengi wanaifahamu mithali hii kama ruhusa ya fimbo. Lakini mvuvi anajua kwamba samaki mbichi hakunjwi kwa nguvu. Anakunjwa polepole, kwa mkono, ama sivyo ngozi yake inapasuka. Mtoto wa miaka miwili anayepigwa kwa sababu aliuliza anajifunza jambo moja tu: kutouliza. Miaka minne baadaye mwalimu anamkuta amenyamaza, na anamwita mjinga.

Tena tusimsahau baba. Katika nyumba nyingi baba anaonekana kwa mtoto mdogo kama askari: akifika, michezo inakwisha. Baba aliyetoka ziwani usiku kucha amechoka, tunajua. Lakini robo ya saa ya kumweka mtoto magotini na kumwuliza ameona nini leo haipunguzi heshima yake.

Na mwisho wa sehemu hii, tumtazame dada mkubwa. Katika nchi yetu mtoto mchanga mara nyingi analelewa na msichana wa miaka minane au tisa, anayembeba mgongoni mama akiwa shambani au sokoni. Anafanya kazi ya upendo. Lakini ikiwa msichana yule anaacha masomo yake juu ya kumlea mdogo wake, basi tumempandisha mmoja kwa kumkanyaga mwingine. Na kesho msichana yule atakuwa mama, na atasema tena: «Sikusoma, nimfundishe nini?»

6. Mahali nguvu za mzazi zinapoishia

Hapa tujihadhari na dhambi moja ya wahubiri. Tusimtwike mama maskini mzigo wa makosa yote ya dunia. Mtu akifundisha kwamba malezi mema peke yake yanatosha kuinua mtoto, atafika siku moja kumwambia mama: «Mtoto wako ameshindwa sababu wewe hukusema naye.» Huo ni ukatili, na tena si kweli.

Tunajua yaliyotupata. Kiwanda cha sukari cha Kiliba kilikuwa kinawalipa baba wengi wa bonde la Ruzizi, na kwa mshahara ule watoto walisoma. Vita vya mwaka 1996 vilikisimamisha. Mwezi wa nne wa mwaka 2020 mto Mulongwe ulifurika mjini Uvira, ukachukua watu na nyumba. Vita vimewakimbiza watu mara nyingi, kutoka milimani kuja ziwani, na kutoka ziwani kwenda ng'ambo. Mtoto anayelala njiani hana mkeka wa kujifunzia. Mwalimu asiyelipwa, hospitali isiyo na dawa, barabara iliyokatika: mambo haya mama hawezi kuyatengeneza kwa nyimbo. Ni deni la Leta na letu sote, na tunapaswa kulidai.

Tuseme basi hivi: malezi mema yanamfikisha mtoto mlangoni mwa masomo akiwa na macho yaliyofunguka. Haki ndiyo inayomfungulia mlango. Mzazi hawezi kufanya yote. Lakini lile aliloweza kulifanya, hakuna mwingine atakayelifanya mahali pake.

Jambo jingine tena. Kupanda ngazi maana yake nini kwa Mkristu? Tumewaona vijana waliopata diploma wakaona aibu ya mama yao anayenuka samaki. Hao hawakupanda. Kijana aliyefundishwa mkekani anajua kwamba hesabu yake ya kwanza aliipata kwa mama yule. Elimu iliyoanza nyumbani haina sababu ya kuidharau nyumba.

7. Kazi yetu sisi

Mtaguso wa pili wa Vatikano, katika tangazo lake juu ya malezi ya Kikristu la tarehe 28 Oktoba 1965, ulifundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na wakubwa wa watoto wao. Tunalirudia neno hili katika mahubiri ya ndoa. Lakini tumewasaidia wazazi kwa kiasi gani kulitimiza? Nitataja mambo manne ambayo parokia yo yote inaweza kuyafanya bila kungoja feza kutoka mbali.

La kwanza: mafundisho ya wazazi mbele ya ubatizo wa watoto wachanga. Tunawafundisha maana ya maji, mafuta na mshumaa, na ni haki. Tuongeze saa moja juu ya namna ya kumsemesha mtoto, kumlisha, kumpeleka kwenye chanjo, na kumjibu bila fimbo.

La pili: katika kila shirika la kartie, wachaguliwe wamama wawili wenye hekima na subira. Wapewe mafundisho mafupi pamoja na muuguzi wa kituo cha afya, kisha watembelee nyumba zenye watoto wadogo, saa moja kwa juma, kama wale wanawake wa Jamaika.

La tatu: shapeli zetu nyingi zinakaa tupu kuanzia Jumatatu mpaka Jumamosi. Asubuhi zinaweza kupokea watoto wa miaka mitatu mpaka mitano wa jirani, wa dini zote, kwa michezo, nyimbo, hadithi na kuhesabu. Hakuna haja ya meza. Kuna haja ya mikeka, maji safi, choo, na mama mmoja aliyefundishwa. Na dada wakubwa watapata nafasi ya kwenda masomoni.

La nne: wanaume. Padri akimsifu hadharani baba anayecheza na mtoto wake, amefanya kazi ambayo vitabu vingi haviwezi.

Na ninyi mafrateri, fanyeni jambo moja wakati wa likizo. Kaeni karibu na mama zenu, au na bibi zenu, na mwaulize walikufundisheni nini mbele hamjaingia primeri. Wengi watajibu: «Hakuna kitu.» Msikubali jibu hilo. Waulizeni nyimbo, mafumbo, majina ya vitu, kazi ndogo mlizopewa. Mtaona kwamba Kilatini na filosofia vimejengwa juu ya msingi uliowekwa na mwanamke ambaye huenda hajui kuandika jina lake. Mtume Paulo, akimwandikia Timoteo aliyekuwa askofu kijana, hakuanza kwa kuwasifu walimu wake. Alimkumbusha imani ya bibi yake Loisi na ya mama yake Eunike, akaongeza kwamba tangu utoto ameyajua Maandiko. Na Bwana wetu mwenyewe, mbele ya kukaa kati ya walimu hekaluni akiwa na miaka kumi na miwili, alikaa Nazareti nyumbani mwa seremala. Kule alijifunza kusema, na maneno ya kwanza aliyapata kwa Maria na Yosefu.

Kwa hiyo mwezi wa tisa ukifika tena, na mzazi akisimama mlangoni mwa direkta, tunatamani abadili neno lake kidogo. Aseme: «Direkta, mimi nimekwisha kuanza, sasa tuendelee pamoja.»